Tulivyoiacha Chapa ya Ami Nassor

Vijana wa kitengo mliniomba niwaandikie namna ya kutunza lenzi wakati wa vumbi na unyevunyevu. Hilo halitaki ukurasa: zifungeni vizuri na msiziache ndani ya gari. Yaliyobaki ndiyo yaliyonichukua miaka yangu yote, na kwa kuwa sasa nakaa nyumbani Ansab, hapa Maskati, asubuhi nzima bila ya mtu kuniita, nimeona niyaandike kabla sijaanza kuyasahau au, vibaya zaidi, kuyapamba. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha. Ya kwetu wenyewe nimeyaacha.

Niliingia hospitali zama za filamu. Kitengo cha picha kilikuwa chumba kimoja chini kabisa ya jengo, jirani na stoo ya mashuka, hakina dirisha, na eisi yake ilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Niliajiriwa kwa sababu moja tu: wagonjwa wanawake walikuwa hawakubali kupigwa picha na mwanamume, na madaktari walizihitaji picha za vidonda vyao na mishono yao. Kazi nilikuwa nimejifunza katika studio moja mtaa wa Hamriya, picha za pasi za safari na za maharusi. Nilidhani picha ni picha.

Aliyenipokea ni Ami Nassor. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo, na yeye ndiye aliyekuwa kitengo chenyewe. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha nyumbani kwetu, kwa hiyo tangu asubuhi ile nilimwita ami, naye akaniita mwanangu. Hakunipa kamera. Alinipa rula ya sentimita na kadi ya kijivu ya kupimia rangi, akanambia wiki nzima kazi yangu ni kuviweka hivyo viwili kando ya kidonda, yeye apige.

"Picha yetu haina haja ya kupendeza," alinambia. "Inataka iseme kweli. Kidonda kina ukubwa gani, kina rangi gani. Basi."

Mgonjwa wangu wa kwanza peke yangu alikuwa bibi mmoja mwenye kisukari, mguu umemuharibika. Ami Nassor alisimama nyuma ya pazia akawa ananielekeza kwa sauti ya chini: simama sawasawa na mguu, usiinamishe kamera, hesabu mpaka tatu. Bibi alijifunika uso wote ingawa nilikuwa napiga unyayo tu. Nilipomaliza akaniuliza kama mumewe ataiona ile picha. Nikamjibu kwa haraka kwamba hapana, hataiona. Tulipotoka, Ami Nassor aliniuliza hilo nimelijuaje. Nilikuwa silijui. Akanambia nirudi ndani nikamwambie bibi kwamba silijui, na nikarudi. Sikupata kuona aibu kubwa kama ile kazini mpaka miaka mingi baadaye, na nitaifikia.

Chapa ya kamera zetu sitaitaja. Mnaijua, na kila mmoja wenu ana ugomvi wake tayari. Ami Nassor aliichagua yeye alipokuwa kijana na hakuwahi kutazama nyingine. Lenzi zake zilikuwa saba, kila moja imefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, na alikuwa anazijua kwa kanga zao: lete ile ya maua mekundu, rudisha ile ya korosho. Alikuwa na flashi ya vichwa viwili ambayo aliitengeneza mwenyewe kila ilipokufa. Alikuwa akisema mpiga picha wa hospitali haungoji mwanga, anakwenda nao. Nilimuamini. Kwa miaka mingi nilipanda na kushuka ngazi zile na mwanga wangu mkononi, vyumba vya upasuaji, wodi ya walioungua, na kweli haukuniangusha.

Filamu ikaondoka, zikaja kamera za kidijitali, za chapa ile ile ili lenzi zile zile zitumike. Ami Nassor akastaafu, nikashika nafasi yake. Kila Jumatano asubuhi alikuja na chupa yake ya kahawa na tende kidogo, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akatazama picha za wiki na kuzikosoa. Madaktari wapya walimdhania mgonjwa aliyepotea njia.

Sasa nifike kwenye wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Mnaijua ilivyo: mapazia yamefungwa mchana kutwa, taa zimepunguzwa, kila inkubeta imefunikwa kitambaa, kwa sababu macho yale na akili zile haziwezi bado kubeba mwanga wa dunia. Flashi hairuhusiwi. Mwanga ambao Ami Nassor alinifundisha kwenda nao, mlangoni pale nilitakiwa niuache. Kwa picha za daktari tulijikokota, tukiomba kitambaa kifunuliwe dakika mbili. Tukizipata hivyo hivyo, zina chenga kama televisheni ya zamani, daktari anakunja uso na kusema zitatosha.

Kisha akaja Salma. Watu wa Wattaya, wenzetu, wanazungumza Kiswahili. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, akatokwa damu nyingi, akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi ghorofa ya nne. Mtoto alikuwa ghorofa ya pili. Mama hawezi kuteremshwa, mtoto hawezi kupandishwa. Mumewe alikuja mwenyewe mpaka chumbani kwetu chini, kanzu imejikunja kwa siku mbili za kulala vitini. Alikuwa amejaribu kwa simu yake, lakini kioo cha inkubeta kilimrudishia sura yake mwenyewe. Akaniomba nimpigie mwanawe picha ampelekee mkewe amuone.

Nesi mkuu wa wodi ile, Bi Asila, alinipa dakika kumi na akafunua nusu ya kitambaa. Nilifungua lenzi mpaka mwisho wake, nikapandisha wepesi wa kamera wa kushika mwanga mpaka mwisho wake, nikabana pumzi. Na pale mtoto alifumbua macho. Yote mawili. Hakunitazama mimi, watoto wa umri ule hawamtazami mtu, aliyaelekeza kule mwanga mdogo ulikotokea, akayaacha wazi kwa muda. Nilipiga mara saba. Kwenye kioo kidogo cha kamera nilijiona nimempata.

Kwenye kompyuta nilikuta chenga nyekundu na kijani uso mzima, na mahali pa macho pana madoa mawili meusi. Nikajaribu kuisafisha, akawa kama mtoto wa nta. Mwisho niliichapisha ile ya asili, ndogo, kwa sababu udogo husitiri. Baba akaipokea kwa mikono miwili akapanda nayo. Nilimwambia kesho nitarudi na stendi ya kamera nijaribu tena. Kesho yake kabla ya adhuhuri mtoto alifariki.

Baada ya siku kadhaa Salma alitolewa chumba cha mahututi akapelekwa wodini, akaomba niitwe. Nilimkuta ameegemea mito, picha ameiweka juu ya shuka.

"Dada, wewe ndiye uliyepiga hii?"

"Mimi."

"Alikuwa kafumbua macho?"

"Kafumbua. Yote mawili. Nimeyaona."

Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kila mtu ananambia linaloniliwaza," akasema. "Hata wewe."

Nilimuapia. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomuitikia mgeni anayezungumza lugha asiyoijua. Ndipo nilipoijua aibu ile nyingine. Nilikuwa nimesema kweli tupu na sikuaminiwa, na kosa lilikuwa la picha yangu. Sikumuona tena.

Nilianza kuulizia. Kulikuwa na chapa nyingine, washindani wa ile yetu, ambao watu walisema mtambo wao mpya unaona gizani. Watu husema mengi. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja Hamriya niliyemjua tangu siku za studio, akaniazima kamera na lenzi moja kwa siku mbili. Bi Asila akanipa inkubeta isiyo na mtoto, nikaazima mdoli wa kitambaa kwenye chumba cha michezo cha watoto, nikamlaza ndani, nikafunika. Taa ile ile, kitambaa kile kile, umbali ule ule. Nikapiga kwa kamera yetu, kisha kwa hii. Mdoli yule ndiye mgonjwa pekee aliyewahi kunivumilia bila ya kulalamika. Picha ya kamera yetu ilikuwa chenga tupu. Kwenye ya kamera ngeni niliweza kuhesabu nyuzi zilizoshonea macho yake.

Lakini lenzi za chapa moja haziingii kwenye kamera ya nyingine, na utawala haukutaka kitengo chenye mitambo ya aina mbili. Ama tubaki, ama tutoe vyote vya zamani tubadilishiwe. Vyote maana yake lenzi zile saba. Kwa karatasi zilikuwa mali ya hospitali. Nilitia saini, kisha nikangoja Jumatano.

Nilimueleza Ami Nassor kila kitu, Salma, mdoli, saini. Alinisikiliza kahawa mkononi bila ya kuinywa. Akaomba kuziona picha mbili za mdoli. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akazipitia taratibu, kona kwa kona, kama alivyokuwa akipitia filamu.

"Hii inaona," akasema. "Yangu ilikuwa inakisia."

Nikashukuru, nikadhani yamekwisha. Akarudisha kioo mfukoni.

"Ungenambia kabla hujajaribu, mwanangu. Nna nafasi siku zote. Ningekuja tukajaribu sote wawili."

Nilikuwa nimejaribu peke yangu kwa makusudi, kwa kuogopa atakataa, na yeye alilijua hilo bila ya mimi kulisema. Lenzi hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote ile sikumjua vya kutosha kujua kwamba angekubali.

Jumatano iliyofuata alikuja kuzifunga lenzi mwenyewe. Aliifungua kila moja kwenye kanga yake, akaifuta, akaiweka ndani ya sanduku la muuzaji. Vile vipande vya kanga alivikunja vidogo vidogo akavitia mfukoni mwa kanzu yake. "Lenzi ni za hospitali," alinambia, "kanga ni za mke wangu." Akaenda zake.

Hakuja tena Jumatano. Nilimpigia simu mara chache, akaniuliza khabari za watoto, nikamuuliza khabari za miguu yake. Sikukuu nilikwenda kumpa mkono, nikaletewa halwa na kahawa, na kazi hatukuitaja. Sikumuuliza kwa nini haji, na yeye hakuniuliza kwa nini simwiti. Mwaka uliofuata alifariki. Kwenye msiba mkewe alinishika mkono akanambia kwamba kila Jumatano ami yenu alikuwa akivaa kanzu safi baada ya chai, akakaa sebuleni mpaka adhuhuri, kisha akavua. Alinambia bila ya kunilaumu, kama anayesimulia tabia za marehemu. Nimekuwa nikiandika ukurasa huu kwa siku nne na sentensi ile bado sijui nifanye nini nayo.

Kamera mpya. Kwanza nilikuwa kama mtu aliyehamia nyumba ambayo milango yote inafunguka upande wa pili. Pete ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe wazi, ilizunguka kinyume na ile niliyoizoea tangu ujana, na vidole havisomi maelekezo. Nilipoteza picha nyingi kwa kuzungusha kulia. Pili, na hili liandikeni ukutani, rangi zake zilikuwa za kupendeza. Ngozi zilitoka na afya. Daktari mmoja wa watoto alishuka na picha ya mtoto mwenye manjano akaniuliza huyu ni yupi, maana yule aliye mbele yake kule juu ni wa njano na huyu wa kwenye picha ni mzuri tu. Wiki tatu tulipiga kila picha upya na kadi ya rangi ndani yake mpaka tukaifundisha kamera adabu. Kamera ikiona sana haina maana kwamba inasema kweli. Nakumbuka nilinyanyua uso kumwambia mtu wa kiti cha pembeni.

Kwenye wodi ya njiti, lakini, ilifanya ile kazi niliyoitakia. Haina mlio, haitaki flashi, kitambaa kinafunuliwa kiasi cha kiganja. Nilipiga picha nyingi mle, na wazazi wengi walizipokea, na baadhi ya watoto wale sasa wanakwenda skuli. Hao hawaji kutuona, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisa cha mwisho ndicho nilichotaka msome. Mtoto wa kiume, watu wa bara ya Oman, baba hajui neno la Kiswahili. Mama alikuwa hajaruhusiwa bado kushuka. Baba akaomba picha. Niliipiga kwa muda usiofika dakika moja, na naweza kusema haikuwahi kutoka picha safi kama ile mle ndani. Malaika ya begani, vile vinyweleo laini, yanaonekana, na ukucha wa kidole kidogo. Inaonekana pia plasta shavuni, bomba linalovuta mdomo pembeni, na weusi wa sindano juu ya kiganja. Niliichapisha kubwa. Nikampa baba nikiwa na fahari, sifichi.

Aliitazama kidogo akailaza kifudifudi juu ya meza yangu. Alinambia mkewe akiiona hii ataona sindano tu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninayo nyingine isiyoonekana sana.

Ningeweza kumfanyia. Kompyuta inafanya hayo kwa kidole kimoja. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na miaka mingi ya kuambiwa picha inataka iseme kweli, na kulikuwa na Salma, na lenzi saba. Nilimwambia naweza kumkatia kipande, sikio au ule mkono usio na sindano. Nadhani nilimwambia kwa ukavu. Akanishukuru, akasema haidhuru, akaondoka mikono mitupu. Mtoto alifariki baada ya siku mbili. Nilikuwa nimenyanyua kamera kabla ya kumuuliza baba yake anataka mama aone nini. Swali la nusu dakika. Sasa mnaliuliza nyinyi kila mara, na baadhi yenu mnalalamika kwamba linapoteza wakati. Limetoka hapo.

Picha niliitia kwenye bahasha nikaandika namba ya faili. Zilikuwamo nyingine, za wazazi ambao hawakurudi, na kanuni inasema zikikaa sana zichanwe. Mwezi wangu wa mwisho kazini nilizitoa zote nikaanza kupiga simu, moja baada ya moja. Namba nyingi zilikuwa hazipo tena. Wawili walikuja kuchukua. Mmoja alinambia nichane, na nikamshukuru kwa kujua anachotaka.

Kwenye namba ya baba yule alipokea mwanamke. Nilijitambulisha, nikamwambia kuna picha ya mtoto. Hakujua. Mumewe hakuwahi kumwambia kwamba iliwahi kupigwa, na mimi, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, nilikuwa nimemuingilia nyumbani kwake na jambo ambalo mumewe alimficha kwa miaka kwa kumuhurumia. Nilimuomba radhi. Akaniuliza kwa Kiarabu kama mtoto anaonekana.

"Anaonekana," nikamwambia.

"Vyote?"

"Vyote."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, taratibu, kama mtu asiyetaka wa chumba cha pili ajue.

"Sitaki kuiona," akasema. "Lakini usiichane."

Nikamwambia haitachanwa. Nilimuahidi kwa niaba ya watu ambao sitakuwa nao tena, kwa hiyo sasa ahadi hiyo ni yenu. Bahasha iko droo ya tatu ya kabati la chuma, chini ya kadi za rangi, na nimeandika juu yake kwa wino mwekundu. Msiifungue ili kutazama jinsi kamera ilivyofanya kazi. Kanuni ya kuchana haiihusu, na mkuu wenu nimeshazungumza naye. Mama huyo hakusema atakuja lini, wala sikumuuliza. Akija, msimwambie kwamba ni picha nzuri. Mpeni mkononi, mvutieni kiti, zimeni ile taa kubwa ya juu, mtoke nje na mfunge mlango.